Uji wa bentonaiti kwenye ardhi ya chumvi: Mfuko wa bei rahisi waweza kukwamisha bomba

KATIKA mji wa dhahabu kama Makongolosi, wilayani Chunya, unga wa kijivu uitwao bentonaiti si bidhaa ngeni. Wachorongaji huukoroga na maji ukawa uji, kisha huupitisha shimoni ili upooze kichwa cha kuchorongea, utoe unga wa mwamba na kuzuia kuta zisiporomoke. Lakini unga huohuo una kazi ya pili ambayo wafanyabiashara wengi wa Nyanda za Juu Kusini hawajaizoea, nayo ni kulainisha mabomba makubwa yanayosukumwa chini ya ardhi bila kuchimba mtaro.

Kazi hiyo ina soko. Ina pia mtego mmoja ambao muuzaji wa vifaa, mkandarasi mdogo na mtu anayeweka akiba yake kwenye zabuni ya namna hii hawana budi kuujua kabla ya kutia saini. Mtego huo ni chumvi.

Ieleweke kwanza kazi yenyewe. Barabara ya Chunya hadi Makongolosi, kilomita 39, sasa ni ya lami. Bomba la maji au la majitaka likitakiwa kuvuka barabara ya namna hiyo, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata lami, kufunga njia, kisha kufukia na kuomba Mungu kiraka kisititie masika. Ya pili ni kuchimba shimo upande mmoja, kufunga jeki za haidroliki ndani yake, na kusukuma kipande cha bomba baada ya kipande hadi kitokee kwenye shimo la upande wa pili. Kampuni za reli za Marekani zilianza kufanya hivyo mwishoni mwa karne ya 19 ili treni zisisimame. Siku hizi mbele ya bomba huwekwa mashine inayokata udongo, na watu huiongoza wakiwa juu.

Kuvuka barabara ya mita kumi na mbili kwa bomba dogo hakuna ugumu mkubwa, na fundi hodari aweza kuimaliza kazi bila uji wowote. Hesabu hubadilika urefu unapoongezeka.

Tuchukue mfano wa bomba la zege lenye kipenyo cha nje cha mita 1.2, linalosukumwa mita 100. Ngozi ya bomba hilo inayogusana na udongo ni mita za mraba 377. Kwenye mchanga usiolainishwa, msuguano waweza kufika tani moja kwa kila mita ya mraba, na pengine kuzidi. Maana yake ni kwamba jeki zinatakiwa zisukume tani 377 kabla hata ya kuhesabu nguvu ya kukata udongo mbele. Mwenye jeki mbili za tani 100 kila moja atakwama hata kabla ya kufika mita 60. Bomba likilainishwa vizuri na msuguano ukashuka hadi theluthi moja ya tani, mzigo wote ni kama tani 126, na jeki zilezile mbili zinamaliza kazi.

Tofauti hiyo ya tani 250 huletwa na uji peke yake.

Mashine ya mbele hukata tundu pana kidogo kuliko bomba, tuseme sentimita mbili na nusu kila upande. Nafasi hiyo ndiyo inayojazwa uji kupitia vitundu vilivyoachwa kwenye mabomba. Uji hufanya mambo mawili. Maji yake machache hupenya kwenye mchanga na kuacha utando mwembamba wa udongo laini unaoziba vinyweleo, na uji uliobaki husimama ndani ya utando huo ukishikilia tundu lisibomoke na kulibeba bomba kama mtumbwi majini. Utando usipofanyika, uji wote hukimbilia ardhini, mchanga huanguka juu ya bomba na msuguano hurudi palepale.

Kwa mfano wetu nafasi hiyo ni karibu mita za ujazo tisa na nusu. Kwa kuwa sehemu ya uji hupotea, wakandarasi hupiga hesabu ya mara mbili hadi tatu ya ujazo huo. Tuseme mita za ujazo 28, kwa kilo 50 za unga kila mita ya ujazo. Hiyo ni kilo 1,400, yaani mifuko 56 ya kilo 25. Kwa kukisia tu, mfuko ukiuzwa Sh. 30,000, unga wote utagharimu Sh. 1,680,000. Ukilinganisha na kukodi winchi, kuchimba mashimo mawili na kununua mabomba yenyewe, hizo ni fedha za chai. Lakini kwenye bei hiyohiyo ndiko wanunuzi wengi hubana, wakimtafuta muuzaji aliyepunguza elfu tano kwa mfuko.

Chumvi inafanya nini

Bentonaiti nzuri ni udongo wa mfinyanzi wenye vipande vyembamba mno, vilivyopangwa kama karatasi za daftari. Katikati ya karatasi hizo kuna sodiamu. Ukiutia kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, maji huingia kati ya karatasi, zikaachana, zikatawanyika, na unga ukavimba mara nyingi ujazo wake. Hapo ndipo kijiko kinapogoma kuzama na uji unapata utelezi.

Maji yakiwa na chumvi nyingi tayari, mvuto huo wa maji kuingia kati ya karatasi hupungua. Karatasi hubaki zimeshikana. Zile zilizokuwa zimeachana nazo hurudi na kuganda kwa mabonge, na maji hujitenga juu. Fundi huona uji mwepesi, huongeza mfuko, kisha mwingine. Uji huonekana mzito kwa sababu ya wingi wa unga, lakini mabonge hayajengi utando unaoziba. Mita hamsini za kwanza zaweza kwenda vizuri. Baadaye mtu anayesoma geji ya jeki huona shinikizo likipanda kila kipande kipya kinapoongezwa, na kazi ikisimama usiku mmoja kwa kukosa dizeli, asubuhi bomba halitikisiki.

Bomba likikwama, dawa inayobaki ni kuchimba shimo la uokoaji juu yake. Likiwa limekwama chini ya lami, shimo hilo linakata lami ileile ambayo mteja alilipa isikatwe.

Ardhi ya chumvi iko wapi

Makongolosi yenyewe imekaa juu ya miamba ya kale ya uwanda wa dhahabu wa Lupa, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na si haki kusema kwamba kila shimo la hapo lina maji ya chumvi. Lakini mfanyabiashara wa Makongolosi hauzi Makongolosi tu. Upande wa magharibi ardhi inashuka kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka. Maji huingia, jua huyanywa, na chumvi hubaki. Kusini mwa ziwa hilo, Ivuna, ambako leo ni Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, watu wamekuwa wakichemsha chumvi ya chemchemi kwa karne nyingi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba hapo miaka ya 1960 walikuta mabaki ya kazi hiyo yanayorudi hadi karibu karne ya 13.

Bonde hilohilo limeshachorongwa na wageni wakubwa. Kampuni ya Amoco ya Marekani ilitafuta mafuta kwa visima vya Ivuna na Galula mwaka 1987, na haikupata. Kampuni ya Helium One, ambayo hisa zake huuzwa London, ilichoronga kisima chake cha kwanza cha heliamu mwaka 2021, na mwaka 2024 kisima cha Itumbula West-1 kilitoa heliamu hadi juu. Kazi ya heliamu ikiendelea, bonde litahitaji mabomba, na mabomba yatahitaji kuvuka barabara na mito kwenye udongo wa chumvi.

Hali si ya Rukwa pekee. Singida ina maziwa yake ya chumvi, Bahi ina mbuga zake zenye ukoko mweupe kiangazi, na pwani yote kuanzia Mtwara hadi Tanga, linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ina maji ya bahari yanayoingia chini ya mchanga. Waliokwenda mbali zaidi katika somo hili ni watu wa Ghuba. Abu Dhabi ilipojenga handaki lake kuu la majitaka la kilomita 41, na mabomba madogo ya kuliunganisha, ilifanya kazi katika ardhi ambayo maji yake huweza kuwa na chumvi kuliko bahari. Bahari ya kawaida ina gramu 35 za chumvi kwa lita.

Magadi hayatibu kila kitu

Hapa ndipo kuna kosa linalorudiwa sana. Fundi akisikia maji ni mabaya, hutia magadi, yaani soda ya kiwandani kama ile inayotoka Ziwa Magadi nchini Kenya. Wakati mwingine anafanya sawa, na wakati mwingine anatupa fedha, kwa sababu chumvi si moja.

Kuna maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu. Hayo hujulikana kwa sabuni kukataa kutoa povu na kwa ukoko mweupe ndani ya birika. Kalsiamu ni adui mkubwa wa bentonaiti, kwani huingia kati ya karatasi zile, humfukuza sodiamu na kuzifunga karatasi pamoja. Kwa maji haya magadi ni dawa halisi. Kilo nusu hadi moja kwa mita ya ujazo ya maji, ikitiwa kabla ya unga, huiangusha kalsiamu chini kama chokaa. Miongozo ya uchorongaji kwa kawaida hutaka kalsiamu isizidi miligramu 100 kwa lita, na uchungu wa maji, yaani pH, uwe kati ya 8.5 na 9.5. Magadi ghafi ya sokoni, ya kulainishia maharage, yana soda ndani yake lakini yana uchafu na chumvi nyingine pia, kwa hiyo kipimo chake hakiaminiki.

Kisha kuna maji ya chumvi ya kawaida, ile ya mezani. Kwa haya magadi hayasaidii hata kidogo. Magadi yenyewe ni chumvi ya sodiamu, na kuyaongeza ni kuzidisha tatizo. Maji ya chumvi hayatibiki kwa kutia kitu ndani ya pipa kwa bei ambayo kazi ya barabara inaweza kubeba. Njia iliyopo ni kuyakwepa, au kubadili unga.

Kuyakwepa ni kukoroga uji kwa maji baridi yaliyoletwa kutoka kwingine, na kuuacha ulale. Bentonaiti iliyokorogwa asubuhi na kusukumwa saa nne asubuhi haijavimba. Inatakiwa masaa kadhaa, na usiku mzima ni bora zaidi. Uji uliokwisha kuvimba kwenye maji baridi hustahimili chumvi ya ardhini kwa muda mrefu kuliko ule uliokorogwa na maji ya chumvi tangu mwanzo, kwani karatasi zimeshaachana. Neno la kuangaliwa ni "kwa muda". Chumvi ya ardhini huendelea kupenya ndani ya uji saa baada ya saa. Kwa hiyo mkandarasi hodari hupiga uji mpya katika urefu wote wa bomba kila siku, hata nyuma kabisa ambako kazi ilikwisha kupita, na hasimamishi jeki bila sababu. Aidha huongeza polima, kama zile za selulosi au gundi ya zanthani, ambazo hushika maji na kuziba vinyweleo pale bentonaiti inapochoka. Polima ni ghali kwa kilo lakini hutumika kidogo.

Udongo wa viko vya Arusha

Njia ya pili ni kubadili unga, na hapa Tanzania ina hadithi yake. Kuna udongo mwingine uitwao sepiolaiti, na ndugu yake atapulgaiti. Hizi hazina karatasi za kuachana. Chembe zake ni kama sindano, na uji wake huwa mzito kwa sindano hizo kushikana ovyo kama majani makavu yaliyorundikwa. Kwa kuwa hautegemei kuvimba, chumvi haiudhuru. Kipimo cha kimataifa cha unga huu hufanywa kwa maji yaliyoshiba chumvi kabisa, ilhali bentonaiti hupimwa kwa maji safi. Muuzaji anayeonyeshwa cheti cha bentonaiti na kuambiwa "imepimwa" akumbuke tofauti hiyo. Cheti cha kweli chaweza kuwa hakina maana yoyote kwa shimo la Ivuna.

Sepiolaiti ni madini yaleyale yanayoitwa mishamu, ambayo yalichimbwa Sinya, kwenye bonde la Amboseli upande wa Tanzania, na kuchongwa Arusha kuwa viko vya kuvutia tumbaku vilivyouzwa Ulaya. Biashara hiyo ilianza miaka ya 1950. Kuna atakayesoma hapa na kufikiria kukimbilia leseni ya Sinya. Asiende haraka. Bonge linalofaa kuchongwa kiko na unga unaofaa kuchorongea ni bidhaa mbili, na kati yake kuna kinu, kipimo cha maabara na barabara ndefu hadi Rukwa. Wauzaji wakubwa wa sepiolaiti duniani ni Hispania, na meli yao ni rahisi kuliko lori letu.

Sepiolaiti nayo ina ila. Inataka kukorogwa kwa nguvu sana, si kwa koleo ndani ya pipa, na sindano hizo hazizibi vizuri. Maji hupita katikati yake. Lazima iongezwe wanga au polima ili utando uzuie. Anayebadili unga bila kujua hilo anakimbia mvua na kuingia mtoni.

Kununua na kuuza

Bentonaiti ya sodiamu yenye sifa kongwe hutoka Wyoming, Marekani. Kwa soko letu njia fupi ni Kutch, huko Gujarat, India, ambako mizigo ya pwani hii imekuwa ikitoka tangu enzi za majahazi. Msumbiji nayo huchimba Boane, karibu na Maputo. Jina la nchi kwenye mfuko halitoshi, kwani kuna bentonaiti ya asili ya sodiamu na kuna ile ya kalsiamu iliyotiwa soda kiwandani ili ifanane nayo. Ya pili si bandia na hufanya kazi nyingi, lakini ubora wake hutofautiana kwa kiwanda.

Muuzaji mwenye duka Chunya au Mbeya hahitaji maabara ili kujua alichopokea. Mzani mdogo wa dhahabu, ambao Makongolosi haukosekani, na glasi ndefu yenye alama za mililita vinatosha. Gramu mbili za unga hunyunyizwa kidogo kidogo juu ya mililita 100 za maji yaliyosafishwa, yale ya betri, kisha glasi huachwa hadi kesho yake. Unga mzuri wa sodiamu huvimba kufikia mililita 24 au kuzidi. Ukibaki mililita nane au kumi, mzigo huo ni wa kurudisha.

Kisha jambo la maana zaidi: glasi ya pili hujazwa maji ya mahali pa kazi. Ikiwa ya kwanza imesoma 26 na ya pili 11, tatizo liko kwenye maji, na mteja aambiwe kabla hajapakia. Muuzaji anayefanya hivyo atauza pia magadi au polima, au sepiolaiti, na faida yake ni kubwa kuliko ile ya kushindana kwa elfu tano kwenye mfuko. Kwenye eneo la kazi kipimo cha haraka ni faneli ya Marsh, ambayo hupima sekunde ambazo uji hutumia kupita kwenye tundu dogo. Maji matupu hutumia sekunde 26. Uji ulioanza kuharibiwa na chumvi hubadilika kutoka siku hadi siku, na daftari la vipimo hivyo ndilo ushahidi wa mkandarasi siku ya ugomvi.

Ugomvi huo hutokea, na huamuliwa na karatasi. Mtu anayeombwa kuchangia mtaji wa kazi ya kusukuma bomba aombe kwanza kuona ripoti ya udongo, na ndani yake atafute ukurasa wa maji ya ardhini: kloridi, kalsiamu, pH. Kama ukurasa huo haupo, bei iliyoandikwa kwenye zabuni ni ya kubahatisha. Atazame pia mkataba unasema nini juu ya hali ya ardhi isiyotarajiwa. Mikataba mingine humlipa mkandarasi akikuta jambo ambalo ripoti haikulitaja. Mingine humtupia yeye yote, na mkandarasi mdogo aliyechukua sehemu tu ya kazi mara nyingi hubebeshwa hatari nzima bila kujua, kwa kifungu kimoja kinachosema masharti ya mkataba mkuu yatamhusu naye.

Na asisahau maji. Mita za ujazo 28 za uji wa mfano wetu ni lita 28,000 za maji baridi, yaani maboza matatu ya lita 10,000, na moja la akiba kwa siku ambayo uji utamwagwa na kukorogwa upya. Vyanzo vya milimani Mbeya vina maji mazuri, lakini kutoka huko hadi bonde la Rukwa ni safari ya siku, na boza hulipiwa kwenda na kurudi. Katika kazi ya chumvi gharama hiyo yaweza kuupita unga wote. Katika orodha ya bei haifai kufichwa chini ya neno "mengineyo". Ipewe mstari wake, ikiandikwa nani anayelipa.